Mchomeleo Mchafu wa Alumini: Kosa ni la Nani?



Kabla ya kuingia kazi ya chama nilikuwa fundi wa kuchomelea katika karakana moja ya bodi za malori. Siku moja tuliletewa mabamba ya alumini. Sisi tulizoea chuma, basi tukatumia gesi ileile na brashi ileile. Kazi ikatoka nyeusi kama sufuria ya kuni, imejaa vitundu. Mwisho wa mwezi nikakatwa mshahara kwa "uzembe". Sikuwa na la kujibu, maana sikujua. Nataka wewe ujue.

Alumini ina ngozi nyembamba ya oksidi. Alumini yenyewe huyeyuka kwenye joto la digrii 660 za Selsiasi, lakini ngozi hiyo haiyeyuki mpaka joto lipite digrii 2,000. Usipoiondoa, mshono haushikani vizuri. Tena mafuta na unyevu hutoa hidrojeni, ambayo huingia katika alumini iliyoyeyuka. Ikiganda, hidrojeni huacha vitundu.

Unapochomelea kwa mashine ya MIG, fuata haya:

1. Futa mafuta kwanza kwa asetoni na kitambaa safi, uache pakauke. Kisha piga brashi. Ukitanguliza brashi unayasambaza mafuta. Brashi iwe ya waya usioshika kutu, na isitumike kwa chuma kingine.

2. Gesi iwe agoni tupu. Gesi ya chuma iliyochanganywa na kaboni dayoksaidi haifai.

3. Sukuma bunduki mbele, ukiiinamisha digrii 10 hadi 15. Ukiivuta, gesi haikingi vizuri na masizi hubaki juu ya mshono.

4. Enda upesi. Alumini husambaza joto haraka, na ukichelewa bamba jembamba litatoboka.

5. Waya wa alumini ni laini, hujikunja njiani. Magurudumu ya kusukuma waya yawe na mfereji wa umbo la U, wala yasikazwe mno. Waya utunzwe mahali pakavu.

Na afya yako je? Asetoni huwaka moto. Iondoe kabla ya kuanza kuchomelea. Usisafishe kamwe kwa dawa yenye klorini, kwa sababu mwali wa umeme huweza kuigeuza kuwa fosijeni, gesi ya kuua. Mwali wa alumini ni mkali na huzalisha ozoni inayochoma mapafu. Dai kioo cheusi cha kutosha, nguo za kufunika ngozi na feni ya kuvuta moshi.

Sasa tazameni, ndugu. Agoni, brashi, magurudumu na feni havitoki mfukoni mwa fundi. Ni vya mwajiri. Kwa hiyo ukipewa kazi ya alumini, usianze kimya. Mwite mwakilishi wa chama, muombe vifaa hivyo pamoja. Chomelea kipande cha majaribio, kivunjeni mbele ya msimamizi, mtazame ndani. Mkinyimwa vifaa, andikeni tarehe na mlichonyimwa katika daftari.

Mimi sikuwa na daftari. Nilikuwa na mikono tu, na mikono ikalaumiwa. Fundi anayejua kazi yake, na mwenye wenzake nyuma yake, hakatwi mshahara ovyo.

Umoja ni nguvu.