Ekrani ikiganda, usikimbilie kuzima kompyuta

Katika sekretariati za Bukavu, mwanafunzi anayechapisha TFC yake anajua hofu hii: ghafla ekrani inaganda, maandishi hayasongi tena. Wengi huzima mashine kwa nguvu, na kurasa zisizohifadhiwa zinapotea, ingawa amekwisha kulipa.

Kwanza bonyeza kitufe cha herufi kubwa. Taa yake ikiwaka na kuzimika, mashine ingali hai. Huenda picha tu ndiyo imekwama. Hifadhi kazi kwa Ctrl na S. Kisha, kwa Windows 10 ao 11, bonyeza pamoja Windows, Ctrl, Maj na B: ekrani inakuwa nyeusi kidogo, inarudi, programu zinabaki wazi. Ikirudilia kila siku, sasisha programu inayoendesha karte grafiki.