Sifa Zilizo Vitenzi katika Lugha ya Wanavajo

Kusini-magharibi ya Marekani, katika majimbo ya Arizona, New Mexico na Utah, wanakaa Wanavajo, ambao wenyewe hujiita Diné, na lugha yao ni ya ukoo mmoja na lugha kadha za wenyeji wa Alaska na Kanada. Mwenye kuidurusu lugha hiyo akitaraji kukuta sifa, yaani maneno mfano wa "-refu" na "-eusi", atatafuta sana asizione, kwa kuwa kazi hiyo kwao imepewa kitenzi.

Nineez maana yake ni "yeye ni mrefu". Na anayejieleza mwenyewe atasema nisneez, "mimi ni mrefu", kwani alama ya nafsi huingia ndani ya neno, kama iingiavyo katika "nimechoka" na "amechoka" yetu. Wala Mswahili asistaajabu mno, maana sisi pia, ijapokuwa tuna sifa zetu za asili na nyingine tulizozipata kwa Waarabu, kama vile "safi" na "rahisi", husema kwamba mtu amekonda, embe limeiva, njia imenyooka. Walakini vitenzi vyetu hivyo huashiria hali iliyopatikana baada ya mabadiliko. Mnavajo anayo sura ya kitenzi kwa hali ya namna hiyo, na juu yake anayo nyingine, ya sifa iliyo tabia ya kitu, isiyotazama wakati wala chanzo. Kwa fikira yangu hapo ndipo penye ustadi wa lugha hii.

Farasi huitwa łį́į́ʼ, na łizhin ni "yu mweusi". Basi łį́į́ʼ łizhin ni sentensi kamili, na papo hapo yaweza kuwa "farasi mweusi" tu. Akitaka kumbainisha farasi huyo miongoni mwa wengine, msemaji huongeza kiambishi mwishoni, łizhinígíí, "aliye mweusi". Kwa njia iliyo karibu na hiyo wameunda majina: fedha ni béésh łigaii, madini yaliyo meupe, na shaba ni béésh łichíʼii, madini yaliyo mekundu.

Anayetaka kujifunza Kinavajo, basi, na aanze na vitenzi, akiwa na sarufi na kamusi ya Robert W. Young na William Morgan iliyotolewa mwaka 1980; maana hata salamu ya kwanza atakayopewa, yáʼátʼééh, "ni vyema", nayo ni kitenzi.