Walinzi wenye silaha madukani

Walinzi wenye silaha madukani ni walinzi wanaobeba bunduki au bastola katika supamaketi na majengo makubwa ya biashara. Kwa kawaida si polisi, bali ni waajiriwa wa kampuni binafsi ya ulinzi yenye mkataba na mwenye duka. Kama wanastahili kupewa silaha au la ni suala linalojadiliwa katika nchi nyingi.

Sheria

Nchini Tanzania mlinzi wa kampuni binafsi mwenye bunduki mlangoni mwa benki au duka kubwa ni jambo la kawaida. Umiliki wa silaha huhitaji leseni, chini ya sheria ya mwaka 2015 ya udhibiti wa silaha na risasi.

Nchini Kenya walinzi binafsi, wanaosimamiwa na sheria ya mwaka 2016, hawaruhusiwi kubeba bunduki kazini. Ndiyo maana benki za huko hulindwa na askari polisi wenye silaha, huku mlinzi wa kampuni akikagua mifuko.

Shambulio la Westgate

Tarehe 21 Septemba 2013 washambuliaji 4 wa Al-Shabaab waliingia katika jengo la maduka la Westgate, Nairobi, wakiwa na bunduki na maguruneti. Watu 67 waliuawa. Walinzi wa mlangoni hawakuwa na bunduki. Miongoni mwa waliotangulia kuingia kuokoa watu ni polisi wachache na raia wenye leseni za bastola.

Tukio hilo hutajwa na pande zote mbili za mjadala. Baadaye siku hiyohiyo wanajeshi na polisi walirushiana risasi ndani ya jengo kwa kutotambuana, na askari polisi mmoja akafa.

Hoja za kuunga mkono

Wanaotaka walinzi wapewe silaha husema polisi huchelewa kufika, na dakika za mwanzo ndizo zinazoamua wangapi watapona. Mlinzi mwenye rungu hawezi kumzuia jambazi mwenye bunduki. Yeye mwenyewe huwa wa kwanza kuuawa. Aidha, silaha inayoonekana huweza kumfanya mhalifu aghairi.

Hoja za kupinga

Wanaopinga husema duka huwa limejaa watu, wakiwemo watoto, na risasi iliyokosa shabaha humpata asiyehusika. Tena silaha huweza kuporwa. Tarehe 25 Agosti 2021, jijini Dar es Salaam, mtu mmoja aliwapiga risasi askari polisi, akachukua bunduki zao na kuendelea kushambulia. Waliouawa ni polisi 3 na mlinzi mmoja wa kampuni binafsi. Ikiwa polisi waweza kuporwa, mlinzi mwenye mafunzo ya muda mfupi na mshahara mdogo yumo hatarini zaidi.

Aina ya hatari

Hatari za dukani hazilingani. Anayeficha kopo la maziwa ndani ya koti ni mwizi, lakini hatishii uhai wa mtu. Kumpiga risasi hakuwezi kuhesabiwa kuwa ulinzi. Hatari hiyo, iliyo ya kila siku, huhitaji kamera, ukaguzi na wafanyakazi makini. Ujambazi wa kutumia bunduki ni nadra zaidi, ila ndio unaoua. Kwa hiyo penye ruhusa ya silaha, mlinzi huhitaji mafunzo ya kulenga shabaha, na zaidi ya hapo mafunzo ya kujua wakati wa kutofyatua.