Kwa nini Wakristo humwabudu Yesu, hawaishii kufuata mfano wake

MWAKA 1820 Thomas Jefferson, Rais wa tatu wa Marekani ambaye wakati huo alikuwa amestaafu, alikamilisha kazi isiyo ya kawaida nyumbani kwake katika jimbo la Virginia. Alikata aya za Injili kutoka katika nakala za Kigiriki, Kilatini, Kifaransa na Kiingereza, akazibandika upya katika kitabu kimoja. Mafundisho ya Yesu aliyabakiza, lakini habari za ufufuko aliziacha nje. Kitabu hicho kinaishia kaburini, jiwe likiwa limekwisha kuviringishwa mlangoni.

Jefferson alimwona Yesu kuwa mwalimu wa maadili asiye na kifani, lakini hakuona sababu ya kumwabudu. Wenye mawazo kama yake wapo hadi leo. Katika miji ya Afrika Mashariki pia, ambako Mkristo na Mwislamu huweza kuwa wapangaji wa nyumba moja, swali hilo huzuka mara kwa mara. Ikiwa Yesu alifundisha upendo, msamaha na kuwajali maskini, je, haitoshi kufuata mfano wake? Kwa nini aimbiwe na kuombwa kama aombwavyo Mungu?

Jibu la Wakristo lina pande mbili: upande wa historia na upande wa imani.

Ushahidi wa gavana

Mojawapo ya shuhuda za mwanzo kutoka nje ya Kanisa ilitolewa na mtu ambaye hakuwapenda Wakristo. Mnamo mwaka 112 hivi, Pliny Mdogo, gavana wa Kirumi wa Bithynia na Ponto, kaskazini mwa Uturuki ya leo, alimwandikia Kaizari Trajan kuomba mwongozo kuhusu watu walioshitakiwa kwa Ukristo.

Kwa mujibu wa barua hiyo, watu waliowahi kuwa Wakristo walimweleza kuwa desturi yao ilikuwa kukutana siku maalumu kabla ya mapambazuko, kumwimbia Kristo kwa kupokezana kama aimbiwavyo mungu, na kula kiapo cha kutoiba, kutozini, kutovunja ahadi na kutokana amana waliyowekewa.

Hivyo ibada na mwenendo mwema vilikwenda pamoja. Hata hivyo, kilichowaponza Wakristo hao hakikuwa kiapo cha uadilifu. Ili kuwapima, Pliny aliwataka washitakiwa waiombe miungu ya Kirumi, watoe uvumba na divai mbele ya sanamu ya Kaizari, kisha wamlaani Kristo. Waliokubali waliachiwa. Walioulizwa mara tatu na kushikilia msimamo wao waliamriwa kuuawa, isipokuwa raia wa Kirumi, ambao aliagiza wapelekwe Roma.

Mtu aliyemwona Yesu kuwa mwalimu tu angeweza kutoa uvumba huo, akarudi nyumbani na kuendelea kuwa mwaminifu na mkarimu kwa jirani zake. Gavana hakumtaka mtu yeyote aache kusema kweli au aanze kuiba. Alichotaka kikomeshwe ni ile ibada.

Masalia ya kale nayo yana la kusema. Huko Roma, kwenye kilima cha Palatino, mwaka 1857 uligunduliwa mchoro wa dhihaka uliokwanguliwa ukutani. Unamwonyesha mtu akiinua mkono mbele ya msalaba aliotundikwa kiumbe mwenye kichwa cha punda, na maandishi yake yanamkejeli mtu aitwaye Alexamenos kwa kumwabudu mungu wa namna hiyo. Aidha, huko Megiddo, nchini Israel, mwaka 2005 ilitangazwa habari ya sakafu ya kale ya mozaiki ambayo watafiti waliifukua na kuikadiria kuwa ya karne ya tatu. Maandishi yake yanamtaja mwanamke aliyetoa meza kwa ajili ya Yesu Kristo, na humo Yesu anaitwa Mungu.

Wayahudi na Mungu mmoja

Jambo hili linashangaza zaidi kwa kuwa wafuasi wa kwanza wa Yesu walikuwa Wayahudi, watu waliokiri katika sala zao kwamba Mungu ni mmoja. Kitabu cha Matendo ya Mitume kinasimulia jinsi Petro alivyomwinua Kornelio aliyemwangukia miguuni, akimwambia kuwa yeye pia ni mwanadamu. Paulo na Barnaba walirarua mavazi yao huko Listra walipotaka kutolewa sadaka kama miungu. Lakini katika Injili ya Yohana, Tomaso anamwita Yesu Bwana wake na Mungu wake, wala hakemewi.

Ni kweli kwamba kitenzi cha Kigiriki kinachotafsiriwa kusujudu kiliweza kumaanisha heshima apewayo mfalme, kwa hiyo neno hilo peke yake halimalizi ubishi. Wanazuoni hutazama pia sala. Katika waraka wa kwanza kwa Wakorintho, ulioandikwa miaka ya 50, Paulo anaingiza neno la Kiaramu, maranatha, ambalo wengi wao hulielewa kuwa ombi kwa Bwana aje. Kukutwa kwa neno la Kiaramu katika barua ya Kigiriki ni dalili kwamba ombi hilo lilitoka kwa waumini wa mwanzo wa Palestina.

Wanazuoni hawakubaliani katika kila kitu. Mjerumani Wilhelm Bousset, katika kitabu chake cha mwaka 1913, alidai kuwa ibada kwa Yesu ilikua katika mazingira ya watu wa mataifa waliosema Kigiriki. Larry Hurtado alimpinga mwaka 2003, akieleza kuwa ilianza mapema sana, miongoni mwa Wayahudi wenyewe. James Dunn naye, mwaka 2010, alitahadharisha kuwa mara nyingi ibada ya mwanzo ilielekezwa kwa Mungu kwa njia ya Yesu.

Hoja ya wokovu

Upande wa imani ulijadiliwa kwa ukali katika karne ya nne. Arius, padri wa Alexandria, alifundisha kuwa Mwana aliumbwa, ingawa ni mkuu kuliko viumbe vingine vyote. Mwaka 325 maaskofu waliokutana Nisea, mji unaoitwa leo İznik nchini Uturuki, waliyakataa mafundisho hayo na kutamka kuwa Mwana ana umungu mmoja na Baba.

Athanasius, aliyekuja kuwa askofu wa Alexandria na kupelekwa uhamishoni mara tano, alijenga hoja yake juu ya ibada na wokovu. Ikiwa Mwana ni kiumbe, alisema, basi Wakristo wanaabudu kiumbe, na hilo ni kosa lile lile la wapagani. Isitoshe, kiumbe hakiwezi kumwokoa kiumbe mwenzake na mauti.

Hapo ndipo ulipo msingi wa jibu la Wakristo. Mfano mwema humwonyesha mtu njia, lakini haumwondolei hatia wala haumfufui. Mkristo huamini kuwa Yesu alikufa kwa ajili ya dhambi, akafufuka na yu hai, ndiyo maana humwomba. Asingefufuka, Wakristo wangebaki na kumbukumbu ya mtu mwema, kama katika kitabu cha Jefferson.

Waislamu humheshimu Isa bin Mariamu kuwa nabii mkubwa, lakini kwao ibada ni ya Mwenyezi Mungu peke yake. Mashahidi wa Yehova nao humheshimu kama Mwana wa Mungu bila kumwabudu kama Mungu Mwenyezi. Wakristo wengi hujibu kuwa hawaongezi mungu wa pili, bali humwabudu Mungu mmoja katika Utatu.

Pamoja na hayo, Injili ya Mathayo inaonya kuwa kumwita Yesu Bwana hakutoshi bila kutenda mapenzi ya Baba. Wakristo wa Bithynia waliapa kutokana amana katika mkutano ule ule waliomwimbia Kristo. Katika kuchunguza habari zao, Pliny aliwatesa wanawake wawili watumwa waliokuwa na huduma katika jumuiya hiyo. Majina yao hakuyaandika.