Masomo ya Juu Ng'ambo: Jinsi Yanavyopatikana

Wenzangu wengi hapa bwenini, taa zikizimwa usiku, huzungumza habari za kwenda ng'ambo. Mmoja husema atakwenda Uingereza, mwingine Ujerumani, mwingine Japani. Lakini ukiwauliza, "Utakwendaje, na nani atakulipia?" hunyamaza, au hujibu kwamba jambo hilo ni bahati, au ni kujuana na wakubwa. Mimi nami nilidhani hivyo. Likizo iliyopita nilipokuwa nyumbani Mbagala, dada yangu mkubwa alinifungulia bahasha yake ya karatasi akanieleza yote yaliyompata katika kutafuta masomo hayo. Nikaona yafaa niyaandike katika gazeti letu, ili wenzangu, na wazazi wetu pia, wayajue mapema.

Kwanza na tuelewe tunazungumza habari gani. Masomo ninayoyasema ni yale yanayokuja baada ya shahada ya kwanza, yaani uzamili na uzamivu. Mtu husoma chuo kikuu hapa kwetu mpaka akamaliza, aghalabu hufanya kazi kidogo, kisha huomba ufadhili. Ufadhili kamili hulipa ada ya chuo, nauli ya ndege, na fedha za kula na kulala kila mwezi. Ufadhili usio kamili hupunguza ada tu. Mzazi asipoisoma vizuri barua ya chuo huweza kupiga vigelegele, kumbe mzigo mkubwa bado uko mabegani mwake.

Jambo hili si geni nchini mwetu. Mwaka 1949 Mwalimu Julius Nyerere, aliyekuwa akifundisha katika shule ya St. Mary's, Tabora, alikwenda Chuo Kikuu cha Edinburgh, Scotland, kwa ufadhili wa serikali ya wakati ule. Shahada aliyoifuata ilikuwa ya kwanza, maana nchi yetu haikuwa na chuo kikuu hata kimoja mpaka mwaka 1961. Lakini hakutoka mikono mitupu. Alikuwa amekwisha kusoma Makerere, Uganda, tangu 1943 hadi 1945, na alikuwa amefanya kazi ya ualimu. Tena Padre Richard Walsh, mkuu wa shule aliyokuwa akifundisha, alimfahamu vema akamsaidia kupata nafasi ile. Mwaka 1952 alirudi, akaja kufundisha Pugu, ambapo si mbali na sisi, mpaka mwaka 1955 alipoacha kazi kwa ajili ya TANU.

Jirani zetu wa Kenya nao wana mfano mzuri. Wangari Maathai alikwenda Marekani mwaka 1960, wakati vijana wengi wa Afrika Mashariki walipokuwa wakipelekwa huko kwa masomo. Alipata shahada ya kwanza huko Kansas mwaka 1964, na kwa sababu alifanya vizuri akapata ufadhili mwingine wa kusoma uzamili Pittsburgh, akamaliza mwaka 1966. Alirudi kwao, akapata uzamivu katika Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka 1971, na mwaka 2004 akapewa Tuzo ya Nobel ya Amani.

Ukiwatazama watu hawa wawili utaona mambo matatu. Walikuwa na matokeo mema mkononi. Walikuwa na watu waliowajua na kuwaamini. Na walirudi kufanya kazi kwao. Dada alinionyesha kwamba hata leo wafadhili huuliza mambo yale yale matatu, ila siku hizi huyauliza kwa fomu za kwenye intaneti.

Milango ya ufadhili iko mingi, lakini kila mmoja una ufunguo wake. Serikali ya Uingereza ina ufadhili wa Chevening, ulioanza mwaka 1983, kwa masomo ya uzamili ya mwaka mmoja. Mwombaji hutakiwa awe amefanya kazi muda wa miaka miwili hivi, nao huhesabu saa 2,800, na baada ya masomo hutakiwa arudi kwao kwa miaka miwili. Ufadhili wa Jumuiya ya Madola ulikubaliwa katika mkutano wa Oxford mwaka 1959, na kwa upande wetu Wizara ya Elimu hupendekeza majina. Ujerumani ina shirika la DAAD, lililoanzishwa mwaka 1925. Katika kozi zake za maendeleo hutaka miaka miwili ya kazi, na shahada isiwe imepita miaka sita. Nchi za Umoja wa Ulaya zina Erasmus Mundus, iliyoanza mwaka 2004, ambayo mwanafunzi wake husoma katika nchi mbili au zaidi.

Tena uko mlango ambao wengi hawaujui, nao ni chuo chenyewe. Katika Marekani na Kanada, mwanafunzi wa uzamivu huweza kusamehewa ada na kulipwa posho kwa kumsaidia profesa kufundisha, kusahihisha mitihani, au kufanya utafiti. Hapo mwombaji hutafuta profesa anayefanya utafiti ulio karibu na wake, akamwandikia kwa adabu na kwa kifupi.

Sasa nitaeleza wanayotaka kuyaona. La kwanza ni matokeo. Vyuo vyetu hupima wastani kwa pointi 5. Daraja la kwanza huanzia 4.4, na daraja la pili la juu huanzia 3.5. Wafadhili wengi hawapendi kushuka chini ya hapo. La pili ni barua mbili au tatu za waalimu au wakubwa wa kazi. Mwalimu hawezi kuandika mambo mema juu ya mtu ambaye hakumwona akiuliza swali wala kufanya kazi yoyote. La tatu ni cheti cha mtihani wa Kiingereza, kama chuo kinakitaka. La nne ni maelezo ya mwombaji mwenyewe, na hapa ndipo wengi huanguka.

Dada alinisomea maelezo yake ya kwanza. Yalijaa habari za umaskini wa utoto wake na jinsi anavyopenda elimu. Mhadhiri wake aliyasoma akamwuliza maswali matatu tu: "Unataka kusoma nini hasa? Kwa nini usome kule na si hapa? Ukirudi utafanya nini?" Dada hakuwa na jibu. Akakaa wiki nzima, kisha akaandika juu ya kisima cha mtaa wetu, ambacho maji yake yana chumvi hata chai haiyafichi, na kwamba alitaka kujifunza kwa nini chumvi huingia katika maji ya chini ya ardhi sehemu za pwani, na namna ya kuizuia. Maelezo hayo ndiyo yaliyompa nafasi.

Lakini nafasi ile aliipoteza, na hili ndilo lililonifanya niandike. Barua ya kukubaliwa ilipofika, aliambiwa apeleke vyeti vyake vyote na pasipoti kabla ya siku 21 kwisha. Pasipoti hutolewa kwa kufuata cheti cha kuzaliwa na kitambulisho cha Taifa, na katika hivyo jina la babu yetu limeandikwa "Khalfan". Cheti chake cha kidato cha nne kimeandikwa "Halfani", na vyeti vyote vilivyofuata vikafuata kile. Wale wa ng'ambo hawamjui babu yetu. Waliona watu wawili. Wakataka hati iliyosajiliwa ya kuthibitisha kwamba mtu ni mmoja. Dada alikwenda kwa wakili, akatoka huko akaenda kusajili, akarudi tena kwa sababu ya kosa jingine. Hati ilipokuwa tayari siku zilikuwa zimekwisha, na nafasi akapewa mtu mwingine.

Nilimwuliza ni nani wa kulaumiwa. Akasema, "Mdogo wangu, hakuna. Baba aliandikisha jina kwa jinsi alivyolitamka, karani akaandika kwa jinsi alivyosikia, na mimi nilipoonyeshwa orodha ya mtihani niliitazama kwa haraka nikatia sahihi." Mwaka uliofuata aliomba tena, akakosa. Mwaka wa tatu akapata, na sasa yuko huko anasoma. Miaka miwili ilikwenda kwa ajili ya herufi mbili.

Niliporudi shuleni nilikwenda kwa Mwalimu wa Taaluma nikaomba kuona jina langu katika orodha ya mtihani wa Taifa. Limeandikwa "Halfani", na cheti changu cha kuzaliwa kinasema "Khalfan". Mwalimu hakunikemea. Aliniambia nilete cheti chenyewe, na baba akakituma kwa mtu aliyekuwa akija upande huu. Jina likarekebishwa kabla orodha haijafungwa. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwangu ulikuwa ufa bado.

Neno moja kwa wazazi. Wako watu wanaopita mitaani wakisema wana nafasi za ng'ambo, na wakitaka fedha za kumwandikia mtoto. Ufadhili kama Chevening hautozi ada ya kuomba, na habari zake zimeandikwa wazi na wenyewe. Anayetaka fedha ili akupe "nafasi iliyokwisha kuhakikishwa" hana nafasi yoyote. Ni kweli kwamba mtihani wa Kiingereza hulipiwa, na pasipoti hulipiwa shilingi 150,000, lakini fedha hizo hulipwa kwa ofisi zinazohusika na mtu hupewa stakabadhi.

Tena tusisahau jambo la kurudi. Wengine hudhani sharti la kurudi ni kifungo. Mimi naona ni haki. Anayekwenda amefundishwa na waalimu wa hapa, na amelishwa na wazazi wa hapa. Akirudi na shahada yake, Tume ya Vyuo Vikuu huitazama na kuitambua, kisha kazi humngoja. Kisima cha mtaa wetu bado kina chumvi, na nyumbani tunamngoja dada.

Kwa hiyo, ndugu zangu, sisi wa sekondari hatuwezi kuomba ufadhili huo leo, lakini twaweza kuutayarisha leo. Tusome Kiingereza na hesabu kwa bidii, tuwaulize waalimu maswali ili watujue, na tuzitunze karatasi zetu zisiliwe na mchwa. Nanyi wa kidato cha pili, ambao pia mnasajiliwa kwa upimaji wa Taifa mwaka huu, orodha ya majina imebandikwa nje ya ofisi ya Mwalimu wa Taaluma. Nendeni na vyeti vyenu vya kuzaliwa mkononi, mkayasome majina yenu herufi kwa herufi, kabla haijabanduliwa.

Mwanafunzi, Kidato cha IV