Zege Ndani ya Mshipa

Juni 19 ni Siku ya Selimundu Duniani, na swali la wazazi ni lile lile. Mbona mtoto alizaliwa mzima, akanawiri, kisha alipokaribia nusu mwaka viganja na nyayo vikavimba, na tangu hapo magoti, nyonga na mgongo havimpi raha? Wengine hudhani ni baridi yabisi, wengine husema mtoto anakua tu.

Nchini Tanzania huzaliwa takriban watoto 11,000 wenye selimundu kila mwaka. Habari za kurithi zimeandikwa sana. Uhondo wenyewe umo ndani ya chembe nyekundu ya damu.

Himoglobini ya selimundu inatofautiana na ya kawaida kwa asidi amino moja tu, ya 6 katika mnyororo wa beta. Ikiwa imebeba oksijeni, haina neno. Ikishaishusha kwenye misuli na mifupa, molekuli zake hushikana, zikajipanga kuwa nyuzi ngumu, na chembe ikapinda kama mundu. Lakini nyuzi hizo hazitokei papo hapo! Kwanza kuna muda wa utulivu, ambao hapa tutauita muhula.

Mfikirie fundi anayesukuma toroli la zege bichi katika msongamano wa Mtaa wa Kongo, Kariakoo. Akivuka kabla zege halijakaza, amenusurika. Chembe nayo hupita kwenye kapilari kwa takriban sekunde moja. Ikiwahi kufika mapafuni, oksijeni huzuia nyuzi. Ikikwama njiani, zege hukaza, toroli linaziba njia, na yaliyo nyuma yanakaza pia. Mfupa unakosa hewa, mtoto analia. Baridi hubana mishipa, kama wamachinga waliosogeza bidhaa hadi katikati ya njia. Upungufu wa maji mwilini ni zege kavu: himoglobini ikizidi msongamano ndani ya chembe kwa asilimia 10 tu, muhula unaweza kufupika zaidi ya mara 10. Na kila fundi anajua kuwa sukari ikiingia kwenye zege, halikazi upesi.

Mtoto mchanga ana sukari yake: himoglobini ya tumboni, isiyokubali kuungana na nyuzi. Hupungua miezi ya mwanzo, ndiyo maana uvimbe husubiri.

Dawa ya haidroksiyurea huirudisha. Katika utafiti uliochapishwa 2019, watoto 606 wa Luanda, Kinshasa, Kilifi na Mbale walipewa dawa hiyo, na vipindi vya maumivu vilipungua kwa zaidi ya nusu. Damu hupimwa mara kwa mara wakati wa matibabu, na daktari ndiye hupanga kipimo.

Kutoka Kariakoo hadi Muhimbili, ambako programu ya selimundu ilianza 2004 na ambako Profesa Julie Makani ni miongoni mwa walioijenga, si mbali. Mzazi ambaye mtoto wake hulalamikia mifupa mara kwa mara ampeleke apimwe aina ya himoglobini. Aliyekwisha kugundulika apewe maji ya kutosha kila siku, hata shuleni, na sweta asubuhi za Julai.