Kisukari: Simu yako inavyoweza kukulinda

Kliniki ni siku moja, lakini sukari hupanda na kushuka kila siku. Kwa mgonjwa wa Bariadi au kijiji chochote cha Simiyu, simu ya kawaida tu inasaidia.

Tega alamu ya dawa. Ukipima sukari, andika namba, saa na ulichokula: ugali, viazi au michembe. Kliniki, mwonyeshe daktari. Ataona dawa inafanya kazi au la.

Mashine ikisoma chini ya 4 mmol/L, usingoje! Kunywa maji yenye vijiko vitatu vya chai vya sukari, pima tena baada ya dakika 15. Aliyezimia asinyweshwe kitu, akimbizwe hospitali.

Kopi namba ya bodaboda jirani mapema.